Mkweche wa California na uzito wa neno 'jadi'

Juma hili nalivalia njuga neno 'jadi', na kinachonisukuma ni gari. Wamarekani wana kigari cha wazi kiitwacho rodista, ambacho mafundi hukiunda upya kwa spea za miaka ya 1930 na 1940, wakakiita hotirodi ya jadi. Mtafsiri mwenye haraka ataandika 'gari la kale'. Siafiki, na sababu yangu imo katika historia.

Hebu twende kusini mwa California miaka ya 1930. Vijana wa huko, wengi wao mifuko mitupu, walinunua Ford Model T na Model A zilizochoka. Model T pekee zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 15 kufikia 1927, kwa hivyo mikweche ilikuwa tele. Kijana aling'oa madigadi, bampa na chochote kisichosaidia mwendo. Kisha alilipeleka gari katika ziwa kavu la Muroc, jangwani, ambako ardhi ni tambarare na ngumu kama sakafu, akapimana kasi na wenzake. Mwaka wa 1937 vilabu vyao viliunda chama cha SCTA ili kusimamia mbio hizo.

Utamu wenyewe ulianza 1932, Ford ilipoleta injini ya V8 yenye nguvu ya farasi 65. Silinda nane kwa bei ya mwananchi! Injini hizo zilipoanza kupatikana katika magari yaliyogongwa, fundi alizichomoa akazipachika kwenye Model A yake, akaongeza kabureta ya pili ili injini ivute hewa na petroli zaidi. Ford ilipohamia breki za mafuta katika magari ya 1939, alizifuata hizo pia, akazifunga kwenye chasisi ya 1932. Ati alitaka ukale? Hata kidogo! Alitaka spea mpya kadiri mfuko wake ulivyoruhusu.

Sasa mtazame fundi wa leo. Anapekua mabanda na magulio akisaka kabureta ya Stromberg 97, taa za nyuma za Ford ya 1939, usukani wa Ford ya 1940. Spea ni zilezile, mkono ni uleule, ila nia imepinduka. Wa kwanza alikimbilia mbele kwa alichonacho. Huyu anarudi nyuma kwa hiari.

Hapo ndipo 'kale' linapotuangusha. Kale ni wakati. Jadi ni urithi, jambo linalopokezanwa. Rodista iliyofungwa mwaka huu si ya kale hata kama kila nati yake ni ya 1932, lakini ni ya jadi kwa kuwa aliyeifunga amefuata mkono wa waliomtangulia. 'Kienyeji' nalo halitufai, maana msomaji atafikiria kuku. 'Mtumba' linataja spea zilikotoka, basi.

Na gari lenyewe je? Mimi nashikilia 'mkweche'. Najua wapo watakaokunja uso, ati hilo ni neno la kebehi. Kwani hotirodi lilikuwa na heshima? Katika miaka ya 1940, magazeti ya Marekani yalilitumia neno hilo kuwasema vijana waliofukuzana barabarani usiku kana kwamba wote ni wahuni. Waliosemwa walilichukua vivyo hivyo. Januari 1948 likawa jina la jarida lao, na Wally Parks, aliyekuwa mhariri wake, akaasisi chama cha NHRA mwaka wa 1951 ili mbio zitoke barabarani zikafanyiwe viwanjani. Kufikia hapo, tusi lilikuwa limegeuka kitambulisho.

Kwa hivyo ningeandika 'mkweche wa mbio uliofungwa kijadi'. Ni maneno mengi kuliko ya Mwingereza, lakini makanika yeyote wa Nairobi atanielewa kabla sijamaliza sentensi. Usukani wenyewe tuliutoa kwenye chombo cha baharini tukautia garini, na spana na kabureta ziliingia gerejini bila kusubiri kikao cha wanakamusi.