Dauniriga: namna ya kuchagua na kutumia winchi ya kuzamishia chambo

MVUVI yeyote aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki anafahamu kurambaza, yaani kuvua kwa kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Anafahamu pia udhia wake mkubwa: kadiri chombo kinavyoongeza mwendo, ndivyo chambo kinavyopanda juu, hata kama samaki wako chini. Kufunga chubwi zito kwenye mshipi huteremsha chambo, lakini samaki anaponasa, mvuvi hulazimika kupambana na samaki na chubwi kwa pamoja.

Dauniriga ilibuniwa kuondoa udhia huo. Ni winchi ndogo inayofungwa kwenye ukingo wa boti, yenye waya wake na chubwi lake. Mshipi wa kuvulia hubanwa kwenye waya huo kwa kibanio, ukashushwa pamoja na chubwi hadi kina kinachotakiwa. Samaki anapouma, kibanio huachia, na mvuvi hubaki na samaki peke yake kwenye fimbo, huku chubwi likining'inia kwenye waya.

Chimbuko katika Ziwa Michigan

Kifaa hiki kilipata umaarufu mkubwa katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Mwaka 1966, jimbo la Michigan nchini Marekani lilipandikiza samaki aina ya salmoni wa coho katika mito inayomwaga maji yake Ziwa Michigan, na mwaka uliofuata likaongeza salmoni wa chinook. Wakati huo ziwa lilikuwa limejaa samaki wadogo wa jamii ya heringi walioingia kutoka baharini, na trauti wakubwa waliokuwa wakiwala walikuwa wameangamizwa na uvuvi wa kupita kiasi pamoja na mikunga wanyonya damu. Salmoni walikuta chakula tele, wakakua kwa kasi.

Kufikia vuli ya mwaka 1967, maelfu ya watu walimiminika ziwani, wengi wakiwa na boti ndogo zisizofaa kwa maji makubwa. Septemba 23 mwaka huo dhoruba iliwakumba, na watu saba wakafa maji. Tangu hapo boti na zana zilianza kuboreshwa, na dauniriga ikawa kifaa cha kawaida kwa wanaowinda salmoni maziwani humo na katika pwani ya Pasifiki.

Sababu ya kuhitaji kina maalumu ni joto la maji. Wakati wa kiangazi maji ya juu huweza kuzidi nyuzi 20 za Selsiasi, ilhali salmoni wa chinook hupendelea maji ya takriban nyuzi 10 hadi 13. Kati ya maji moto ya juu na maji baridi ya chini upo mpaka ambamo joto hushuka ghafla, na mara nyingi samaki huwinda karibu na mpaka huo. Nao hautulii mahali pamoja. Upepo unaovuma kutoka nchi kavu husukuma maji moto mbali na ufuko na kuyainua maji baridi, hivyo samaki waliokuwa mita 25 chini jana wanaweza kuwa mita 10 leo.

Ya mkono au ya umeme?

Dauniriga ziko za aina mbili. Ya mkono huzungushwa kwa mpini; ni nyepesi, bei yake ni nafuu na haihitaji betri. Inafaa boti ndogo na maji ya kina cha wastani. Ya umeme hutumia betri ya volti 12 na huweza kupandisha chubwi mita 60 au zaidi kwa dakika. Anayevua kwenye kina cha mita 30 au 40 kutwa nzima huona thamani yake pale anapolazimika kupandisha nyaya nne ili kumpisha samaki mkubwa.

Hata hivyo, umeme una masharti yake. Kila dauniriga iwe na fyuzi yake, na isitegemee betri ileile inayowasha injini. Boti iliyo mbali na bandari, yenye betri iliyokwisha na upepo unaoanza kuvuma, imo hatarini.

Cannon, Scotty na Big Jon ni miongoni mwa majina yanayojulikana zaidi katika zana hizi. Badala ya kuangalia jina pekee, mnunuzi anashauriwa kukagua mambo yafuatayo:

Mkono: Ule mfupi wa takriban sentimita 60 unafaa boti ndogo na pembe za tezi, kwa kuwa mvuvi hulifikia chubwi bila kuinama nje ya ukingo. Mkono mrefu wa mita 1.2 au zaidi hufungwa ubavuni mwa boti kubwa ili kutenganisha mishipi.

Breki: Iwe laini na yenye kurekebishika. Breki nzuri huteleza yenyewe chubwi linaponasa, kabla waya haujakatika au kuvuta boti.

Waya: Wa chuma kisichoshika kutu, wenye uwezo wa kuhimili takriban kilo 68, ndio uliozoeleka. Wapo wanaotumia kamba ya kusokotwa ya nyuzi za sanisi, ambayo haivumi sana majini lakini huchubuka haraka inapogusa mwamba.

Kihesabu: Huonyesha urefu wa waya ulioteremshwa, na ndicho kinachomwezesha mvuvi kurudi kwenye kina kilichompa samaki.

Kitako: Kwenye boti ya fibaglasi, kitako kifungwe kwa bolti zinazopenya hadi kwenye bamba la kuimarisha upande wa chini. Skrubu pekee hung'oka.

Uzito wa chubwi na hesabu ya kina

Machubwi mengi huwa na uzito wa kilo 3.6 hadi 5.4, na kwa kina kirefu hutumika hata ya karibu kilo 7. Uzito unahitajika kwa sababu maji huusukuma waya na chubwi kurudi nyuma. Mwendo ukiongezeka maradufu, msukumo huo huongezeka takriban mara nne.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kihesabu hupima waya uliotoka, si kina halisi. Waya wa mita 30 ulioinama nyuzi 30 kutoka wima hulifikisha chubwi mita 26 hivi. Ukiinama nyuzi 45, chubwi liko kwenye mita 21 tu. Mvuvi anayeamini kihesabu pekee anaweza kukokota chambo mita tisa juu ya samaki siku nzima na kurudi nyumbani akilaumu ziwa. Dawa yake ni kupunguza mwendo, kuongeza uzito, au kutazama pembe ya waya na kuteremsha zaidi. Chubwi likionekana kwenye skrini ya sona, kina chake kinaweza kuthibitishwa papo hapo.

Namna ya kutumia

Kwanza, boti iende mbele polepole na kwa mstari ulionyooka. Kwa salmoni, mwendo wa kilomita tatu hadi nne na nusu kwa saa ndio wa kawaida. Chambo kiachiwe majini karibu na boti ili kionekane kama kinacheza vizuri, kisha mshipi uachiwe hadi umbali unaotakiwa.

Umbali huo hutegemea kina na uangavu wa maji. Kwenye kina kirefu, mita mbili hadi sita kutoka kwenye kibanio hutosha. Karibu na uso, ambako samaki huogopa boti, mita 15 hadi 30 hufaa zaidi. Maji ya Ziwa Michigan yamekuwa maangavu kuliko zamani kutokana na kome wageni wanaochuja viumbe vidogo, na uangavu huo huwafanya samaki kuwa waangalifu.

Pili, mshipi ubanwe kwenye kibanio na chubwi literemshwe taratibu, huku gurudumu la mshipi likiachia bila kulegea mno. Chubwi likifika, fimbo iwekwe kwenye kishikio na mshipi uvutwe hadi fimbo ipinde kama upinde. Samaki anapouma na kibanio kuachia, fimbo hunyooka ghafla. Hapo mvuvi huishika na kukusanya mshipi uliolegea haraka.

Kibanio kisikaze mno wala kisilegee mno. Kikikaza, samaki mdogo huburutwa bila mvuvi kujua. Kikilegea, hufunguka kwa mawimbi tu.

Tatu, boti igeuzwe kwa mzunguko mpana. Kona kali huzipitanisha nyaya. Boti isirudishwe nyuma kamwe machubwi yakiwa chini, kwani waya ukiingia kwenye pangaboi injini husimama.

Chubwi likinasa

Hatari kubwa kuliko zote ni chubwi kunasa kwenye mwamba, gogo au nyavu zilizotelekezwa. Boti ndogo inayoendelea kwenda mbele huku waya umeshika chini huvutwa tezi kuelekea majini, na wimbi moja likitokea nyuma linaweza kuijaza maji. Nahodha atoe gia mara moja, alegeze breki, kisha airudie sehemu hiyo polepole kutoka upande wa pili. Koleo la kukatia waya liwe karibu na mkono. Chubwi lililopotea hununuliwa jingine.

Katika bahari za joto, kifaa hiki hutumika pia kushushia chambo samaki kama nguru. Huko matumbawe hunasa na huvunjika, hivyo chubwi lipitishwe juu kabisa ya mwamba. Baada ya safari ya baharini, waya na winchi vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Kwa kuwa machubwi mengi ni ya risasi, yenye kupakwa plastiki ni bora, na mikono inawe kabla ya kula.

Mwisho, machubwi yasiachwe yakining'inia hewani boti ikiyumba, kwani kilo tano za risasi zinazobembea huvunja ubavu wa boti na mfupa wa mtu. Upepo unapobadilika, nahodha apandishe machubwi yote, ayalaze ndani na kuelekea bandarini mapema.