Court Leet ya Laxton: Baraza la Mipaka

Laxton ni kijiji cha Nottinghamshire, Uingereza, kilichokaa juu ya udongo mfinyanzi mzito. Nyumba za wakulima zimepangana kandokando ya barabara, na upande wa kaskazini umebaki mwinuko wa ngome ya Wanormani. Lakini sifa ya Laxton ni mashamba yake matatu yasiyo na ua wala senyenge: West Field, Mill Field na South Field. Wakulima wana vipande vyao humo, vimechanganyika na vya majirani. Mwaka huu shamba likipandwa ngano, mwakani hupata zao jingine, na mwaka wa tatu hupumzishwa.

Zamani vijiji vingi vya Uingereza vililima hivi, na baraza la kijiji, yaani Court Leet, likasimamia mipaka. Katika karne ya 18 na ya 19 sheria za Bunge zikaruhusu ardhi igawanywe na kuzungushiwa ua, na mabaraza yakakosa kazi. La Laxton likabaki nayo.

Kazi yenyewe ni hii. Mwishoni mwa Novemba, wakulima wa jopo la baraza hilo hupanda tela la trekta na kwenda kwenye shamba lililopandwa ngano. Wanashuka, wanatazama mitaro na njia, wanabishana kidogo. Aliyelima akaumega ukingo wa njia, kigingi kinagongwa pale mpaka unapostahili kuwa, na jina lake linaandikwa. Baada ya wiki moja baraza huketi katika baa ya Dovecote Inn, faini zinatajwa, na jopo jipya linaapishwa kwa mwaka unaofuata. Faini ni ndogo. Nadhani kinachouma zaidi ni kusomwa jina mbele ya majirani.

Wenye ardhi wamepokezana. Mmoja wao, Sir William Courten, ndiye aliyeagiza upimaji uliozaa ramani ya Mark Pierce ya mwaka 1635, inayohifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Earl Manvers aliiuzia serikali ardhi hiyo mwaka 1952, Crown Estate, taasisi inayosimamia mali za Ufalme, ikaichukua mwaka 1981, na mwaka 2020 ardhi ikarudi kwa Thoresby Estate, milki ya ukoo wa huyohuyo Manvers. Katika mabadiliko yote hayo, vigingi viliendelea kugongwa.

Ukienda huko Novemba, vaa mabuti marefu. Udongo ule ukilowa, kiatu cha kawaida utakiacha shambani.