Rangi ya chini ya mashua: kinga ya chombo, sumu ya ufuoni

Chombo kilichotia nanga Mtwapa au Kilifi hakikai wiki nyingi kabla ya kuota utelezi, kisha mwani, kisha vikome vinavyoganda kama saruji. Maji yetu ni vuguvugu mwaka mzima, na viumbe hawa hawana msimu wa kupumzika. Chombo hupoteza mwendo, injini ikanywa mafuta zaidi.

Wazee walipaka deheni, yaani shahamu na chokaa. Yoti za leo nyingi hupakwa rangi ya shaba, sumu inayotoka kidogo kidogo.

Bamvua, maji yakipwa mnamo saa nne asubuhi, ni nafasi ya kukagua chombo na kukifuta kwa kitambaa laini. Ukisugua kwa nguvu unaondoa kinga yenyewe. Kupaka upya kwataka chombo kikae nchi kavu: piga msasa uliolowa, kiache kikauke, paka koti mbili, na ya tatu kwenye usukani na mstari wa maji. Mashua ya alumini usiipake shaba, italiwa.

Rangi ya TBT iliharibu chaza wa Arcachon, Ufaransa ikaizuia kwa mashua ndogo mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa 2001 ukaipiga marufuku kuanzia 2008. Shaba nayo si ya kuchezea. Tandika turubai, vaa barakoa, kusanya maganda yote. Ufuo unaokwangulia chombo ndio mama zetu wanaookotea kome, na watoto wanaoogelea.