Betri ya Simu na Mashimo ya Kolwezi

Zimamoto walichoka. Ilikuwa miaka ya 1970, Marekani, katika maabara ya kampuni ya mafuta ya Exxon, ambako Stanley Whittingham alikuwa akiunda betri ya lithiamu. Moto ulizuka mara kadhaa, hadi wakatishia kuidai maabara gharama za dawa maalumu za kuuzimia.

Betri ya kuchajiwa haikuwa jambo geni. Mfaransa Gaston Planté aliipata mwaka 1859 kwa mabamba ya risasi na tindikali, na mjukuu wa betri hiyo yumo kwenye magari mpaka leo, na uzito wake wote. Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote na huachia elektroni upesi. Neema na hatari yake vyote vimo humo. Kila ilipochajiwa iliota vijiti vyembamba kama nywele. Vikifika upande wa pili, betri hupiga shoti na huweza kulipuka.

Mwaka 1980, huko Oxford, John Goodenough na wenzake walijaribu oksidi ya kobalti wakapata volti 4, mara mbili ya zile za Whittingham. Akira Yoshino wa Japani akaiondoa lithiamu tupu, mahali pake akaweka kaboni itokanayo na mafuta ghafi. Kisha akaiangushia betri yake pande zito la chuma. Haikulipuka. Yoshino husema hapo ndipo ilipozaliwa. Sony iliiingiza sokoni mwaka 1991, na mwaka 2019 wote watatu wakapewa tuzo ya Nobel, Goodenough akiwa na miaka 97.

Wengi huimalizia hadithi hii Stockholm, tuzo hiyo inakotolewa. Mimi siwezi, kwa sababu zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, madini yalipoonekana chini ya nyumba moja, majirani nao walianza kuchimba ndani ya nyua zao, hata chini ya sakafu. Wachimbaji wa mikono hushuka kwenye mashimo yasiyo na nguzo, na udongo huwafukia. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi watoto wanavyookota na kuosha mawe hayo. Moto ulizimwa maabarani. Hatari ikahamia huko mashimoni.

Goodenough mwenyewe, akiwa Texas miaka ya 1990, alishiriki kupata njia nyingine: chuma na fosfeti badala ya kobalti. Betri hiyo hubeba umeme kidogo zaidi kwa kila kilo, ila huvumilia joto na haiwaki kirahisi. Magari mengi ya umeme ya China sasa yanaitumia. Naipenda betri hiyo. Lakini bei ya kobalti ikianguka kwa sababu yake, anayeanza kupunjwa ni yule yule mwenye sururu, na wanawe bado wanasubiri ada ya shule.