Kompyuta, Mensah, Mmachinga: Majina ambayo Kariakoo iliwapa wachezaji wake

Wapo akina Mohamed Hussein wawili ambao soka ya Dar es Salaam haiwezi kuwasahau. Wa kwanza alikuwa mshambuliaji wa Yanga katika miaka ya 1990. Wa pili ni beki wa kushoto aliyevaa kitambaa cha unahodha cha Simba katika miaka ya karibuni. Ukiwataja kwa jina la kitambulisho pale Mtaa wa Msimbazi, utaulizwa unamaanisha nani. Ukisema "Mmachinga", mzee mnayekunywa naye kahawa ataanza kuhesabu mabao. Ukisema "Tshabalala", kijana anayeuza jezi pembeni atajibu kabla hujamaliza.

Kwa Kiswahili tunaliita jina la namna hiyo jina la utani. Tumelizoea neno hilo mno, hata hatusikii tena kilichomo ndani yake. Utani si mzaha tu. Katika pwani na bara la nchi yetu ni uhusiano wenye sheria zake, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, waliojuana kwenye njia za misafara ya karne ya 19. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu na usikasirike. Lakini siku ya msiba wako, mtani huyo huyo anapaswa kuja na kushika kazi. Nitarudi kwenye sheria hiyo ya pili, kwa sababu nadhani ndiyo tuliyoiacha njiani.

Kwanza tuwatazame watoa majina. Kariakoo yenyewe ni neno la kigeni lililokatwa na kushonwa upya na wenyeji. Waingereza waliweka hapo kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na wakazi wakalitamka walivyosikia. Klabu nazo zikapita njia ileile. Mwaka 1935 ilianzishwa timu ambayo jina lake rasmi ni Young Africans, na midomo ya mtaani ikaifanya Yanga. Mwaka uliofuata waliojitenga nayo walianzisha timu nyingine, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kama Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka 1971 ilipoitwa Simba. Makao makuu ya klabu hizi, moja Jangwani na nyingine Msimbazi, hayako mbali kwa mwendo wa miguu, na sokoni ni katikati. Ndiyo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo hata inapochezwa Temeke, na ndiyo maana wanaitwa watani wa jadi.

Pili, tukumbuke kwamba mashabiki wengi wa zamani hawakuwaona wachezaji waliowapenda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mtu wa Kariakoo angeweza kwenda Uwanja wa Taifa, ambao sasa ni Uhuru, lakini shabiki wa Tabora au Songea alikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na sauti ya mtangazaji kama Ahmed Jongo. Katika hali hiyo jina la utani lilifanya kazi ya picha. Ukiambiwa mpira uko kwa Ahmed Amasha "Mathematician", unamwona mtu anayepiga hesabu kabla ya kutoa pasi. Ukiambiwa umemfikia Method Mogella "Fundi", unaona mikono ya seremala, ingawa mpira unachezwa kwa miguu. Makumbi Juma aliitwa "Homa ya Jiji". Sijui mshambuliaji mwingine aliyepewa sifa kubwa kuliko hiyo kwa maneno matatu: kwamba akipata mpira, mji mzima unapanda joto.

Jina linalonivutia kuliko yote ni la Sunday Manara. Huyu alikuwa mmoja wa ndugu wa familia ya Manara waliochezea Yanga, pamoja na kaka yake Kitwana, aliyeitwa "Popat". Tarehe 10 Agosti 1974, Yanga na Simba zilikutana Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa nchi. Simba ilitangulia, Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwishoni, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga bao la ushindi, 2-1. Jukwaa lilimwita "Computer".

Sasa weka jina hilo kando ya historia ya mwaka huohuo. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kompyuta wa Wizara ya Fedha kuleta hasara na vurugu za mahesabu. Serikali iliona mashine hiyo ni mzigo wa fedha za kigeni. Watu wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwahi kuiona, walichukua jina lake wakalivisha miguu ya kijana waliyemjua. Kwao kompyuta ilikuwa akili inayofanya kazi haraka kuliko macho ya mpinzani. Kompyuta iliyokatazwa bandarini ilikuwa inacheza kiungo. Na mwaka 1977 ikasafirishwa nje: Manara alikwenda Heracles ya Uholanzi, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza soka ya kulipwa Ulaya, na baadaye akavuka hadi Marekani kuchezea New York Eagles.

Majina mengine yanaonyesha jinsi dunia ilivyokuwa ikiingia Kariakoo. Kipa Juma Pondamali aliitwa "Mensah", na Mensah aliyejulikana wakati ule ni Robert Mensah, kipa wa Asante Kotoko ya Ghana, timu iliyoitoa Yanga katika mashindano ya Afrika mwaka 1969 kwa kurusha shilingi baada ya sare. Omari Hussein wa Yanga aliitwa "Keegan". Hamisi Gaga akawa "Gagarino", na ndani yake unamsikia Yuri Gagarin, Mrusi wa kwanza kwenda angani. Miaka ya baadaye Nadir Haroub, beki wa Yanga na Taifa Stars, akaitwa "Cannavaro". Ukiyapanga majina haya kwa miaka, unapata ramani ya masikio yetu: kwanza Ghana na anga za juu za Wasovieti, kisha Liverpool, kisha Italia, kisha Afrika Kusini ya Siphiwe Tshabalala, aliyefunga bao la kwanza la Kombe la Dunia la 2010.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, timu ya besiboli ya Brooklyn iliitwa Dodgers kwa sababu watu wa mtaa ule walisifika kwa kukwepa tramu barabarani. Lilikuwa neno la kuwacheka, wakalifanya bendera. Na mwaka 1947 ndiyo timu iliyompa Jackie Robinson nafasi ya kuvunja ukuta wa ubaguzi katika ligi kuu ya mchezo huo. Kejeli ya mtaani inaweza kubeba heshima kubwa, ikiwa wenye mtaa wataishika wenyewe.

Mmachinga ni mfano wetu wa jambo hilo. Katika miaka ya 1980, kijana asiye na ajira rasmi mjini Dar es Salaam aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba chini ya sheria ya Nguvu Kazi ya 1983. Biashara ilipofunguliwa, vijana wakajaa barabarani na bidhaa mikononi, na neno "machinga", ambalo ni jina la watu wa upande wa Lindi, likawa jina la kila mchuuzi. Askari wa jiji walilitamka wakiwa na virungu. Katika miaka hiyohiyo, kwenye jukwaa la Yanga, neno hilo lilitamkwa kwa shangwe. Mmachinga akafunga mabao 26 katika ligi ya 1999, idadi ambayo wapenzi wa soka wameitumia tangu hapo kama kipimo cha kila mfungaji mpya. Mchuuzi aliyefukuzwa Mtaa wa Kongo asubuhi aliweza kwenda uwanjani jioni na kusikia maelfu ya watu wakiliimba jina la kazi yake. Tunaposema mchezaji anawatia watu moyo, mara nyingi tunafikiria nidhamu au bidii yake. Hapa naona jambo jingine: mchezaji alilichukua neno la fedheha akalirudisha kwa wenyewe likiwa safi.

Lakini historia hii ina upande ambao vijiwe havipendi kuukalia muda mrefu. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka kwa mgogoro wa uongozi na uanachama, na wachezaji wengi wakubwa wakaondoka. Kutokana na mpasuko huo ikazaliwa Pan African. Mnyama naye akasubiri. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ilishinda 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na jingine Yanga ikajifunga. Kibadeni anaitwa "King" mpaka leo, na mashabiki wa Simba wanaisherehekea tarehe hiyo kama sikukuu. Ni haki yao. Ila matokeo yale yalipikwa pia ofisini, na waliyoyapika hawana majina ya utani. Hakuna anayemkumbuka kiongozi aliyegombana na mwenzake hadi timu ikavunjika. Sifa na aibu, vyote viliangukia miguu ya wachezaji.

Na wachezaji hao walikuwa wa ridhaa. Wengi waliajiriwa katika mashirika ya umma au viwandani, wakafanya mazoezi baada ya kazi, wakapata posho na zawadi za mkono kwa mkono baada ya ushindi. Klabu zilivuna viingilio, wanasiasa walivuna umaarufu, na sisi tulivuna hadithi. Mchezaji alivuna jina. Mara kwa mara kurasa za michezo huandika habari ya nyota wa zamani anayeomba msaada wa matibabu, na kichwa cha habari hutumia jina la utani, kwa sababu la kitambulisho wasomaji hawalijui. Akifariki, salamu hujaa na picha za zamani zikasambaa kwa siku mbili.

Hapo ndipo ile sheria ya pili inaporudi. Mtani wa kweli hachagui nusu ya utani. Anayekuita Homa ya Jiji wakati wa jua anatakiwa aje na sepetu wakati wa mvua, na si kwenye maziko peke yake. Sisi mashabiki tumeuweka utani kwenye majina na kwenye kelele za siku ya dabi, tukaacha wajibu kwa familia zao.

Wapo watakaosema kizazi cha sasa hakihitaji huruma hiyo. Ni kweli kwamba mambo yamebadilika. Mikataba ipo, wadhamini wapo, na mchezaji anaweza kutoka Mbagala akafika Wembley, kama Mbwana Samatta alivyofunga fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza tarehe 1 Machi 2020 akiwa na Aston Villa, ingawa walifungwa 2-1 na Manchester City. Jukwaa nalo limeendelea kutoa majina, tena bila kuangalia pasipoti. Clatous Chama wa Zambia alipewa "Mwamba wa Lusaka". Fiston Mayele wa Kongo aliifikisha Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, akamaliza mfungaji bora wa mashindano kwa mabao saba, na mtindo wake wa kutetema baada ya bao ukaigwa na watoto wa shule, makonda na viongozi majukwaani.

Lakini anayetazamwa na televisheni leo ameacha kumbukumbu. Mabao ya Mayele yatakuwepo mtandaoni. Ya Sembuli wa Nyamagana yako vichwani mwa watu waliokuwa vijana mwaka 1974, na watu hao sasa wana miaka sabini na kitu. Kwa wachezaji wa enzi ya redio, jina la utani ndilo jalada lenyewe: linahifadhi namna mtu alivyocheza, mwaka uliomzaa na ndoto za waliomtazama. Likikosa mtu wa kulieleza, linabaki sauti tupu.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji ni dogo na linafanyika wiki hii. Katika vijiwe vya kahawa vya Gerezani, Jangwani na Msimbazi bado wapo wazee wanaoweza kukueleza nani alimwita nani, lini, na kwa nini uwanja mzima ulikubali. Wengine wao ndio wenye majina yenyewe. Kaa, agiza kahawa na kashata, uliza, uandike jina la utani na jina la kuzaliwa kwenye mstari mmoja. Na kama anayekueleza ndiye aliyecheza, usiondoke kabla ya kumuuliza anaendeleaje.