Makofi ya proklamasio: desturi hii tuliitoa wapi?

Wandugu wa association, mwezi wa saba unakaribia na proklamasio ziko njiani. Kila mwaka mabishano ni yale yale: wamoja wanasema wazazi wa leo hawana adabu mu ukumbi, wengine wanajibu kwamba furaha haifungwi kamba. Mimi nilisoma agronomia, sikusoma historia. Lakini mu shamba tulifundishwa kuangalia mizizi mbele ya kulaumu majani. Tuangalie basi.

Mzizi wa kwanza uko mbali. Wajezuiti walifungua koleji yao ya Messina, kule Italia, mwaka 1548. Mwaka 1599 wakatoa kitabu cha kupanga masomo, Ratio Studiorum, na ndani kuko sheria za zawadi: majina ya washindi yanatangazwa mbele ya watu kwa heshima kubwa, kila mmoja anatoka na kuja katikati. Hapo mnaona proklamasio yetu. Lakini sheria ile inasema pia kwamba wale waliokaribia washindi watajwe kwa sifa. Wa mwisho hatajwi.

Michezo ya jukwaani, kitabu kile kilitaka iwe ya Kilatini, tena ya mara chache. Sasa wazazi wasiojua Kilatini walifanya nini? Mu nchi za Kijerumani walikuwa wanapewa karatasi yenye kueleza mchezo kwa lugha yao. Wakubwa wa zamani walielewa kwamba muntu asiyefuata maneno hawezi kutulia.

Mzizi wa pili ni wa kijeshi. Ile « ban » tunayopiga, « triple ban kwa finalisti! », jina lake linatoka ku ngoma ya askari Wafaransa: inapigwa mbele ya tangazo ao ya kuvika muntu medali, na inapigwa tena ku mwisho. Ilikuwa alama ya kusema: nyamazeni, kuko jambo la kusikia. Vikundi vya vijana vikaigeuza kuwa makofi ya mupango. Sisi tuliopita mu Xaveri, ile Padri Georges Defour alianzisha hapa Bukavu mwaka 1952, tunajua vizuri: ban iko na mwanzo na iko na mwisho.

Mzizi wa tatu ni wetu wenyewe. Kwetu wimbo unapokelewa. Anayesikiliza hadisi bila kuitikia, msimuliaji anazani amelala. Kule Kamina, mwaka 1958, Padri Guido Haazen pamoja na watoto na walimu wa shule walitoa Missa Luba, na dunia ikasikia vile mmoja anaanzisha na kundi linamujibu. Basi mama anayepiga kigelegele wakati jina la mtoto linatoka, hakukosa adabu. Anapokea.

Kisha ikaja miaka ya 1970 na animasio ya MPR. Wanafunzi walicheza, wakubwa walikaa mbele, na makofi yakawa kazi. Mwisho wa mwaka 1974 Mobutu alichukua shule za makanisa, akazirudisha mikononi mwao mwaka 1977, lakini mazoea yalibaki: hotuba ndefu, viti vya mbele vya wakubwa, na watu kupiga makofi kwa jina la cheo bila kusikia kilichosemwa.

Kwa hiyo, mbele ya kusema wazazi ni washenzi, tujiulize: tunawaweka saa mbili juani, tunawasomea hotuba kwa Kifaransa ambacho wengi hawafuati, neno moja tu wanalolitambua ni jina la mtoto wao. Likishatoka, wanabakia kufanya nini? Wanaamka, wanamwaga poda, wanaenda.

Na anayelipa ni nani? Mwaka jana nilikuwa ku proklamasio ya shule moja ya mtaa. Walisoma kila darasa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na pursa zao. Wa kwanza alipata kelele na poda. Kufika ku wale wa chini, watu walianza kucheka. Mtoto mmoja wa miaka kumi hivi alisikia asilimia yake mu mikro, akageuka kutafuta mama yake, na viti vya upande ule vilikuwa vimebaki tupu. Mama alikuwa ameenda ao hakukuja, sijui. Kicheko njo nilisikia. Kile hakitoki ku Wajezuiti, hakitoki ku ngoma ya askari, hakitoki ku babu zetu. Tulikiongeza sisi.

Wenye kuwa mu komite za wazazi, naomba mulete pointi ine: hotuba iwe fupi na isemwe pia kwa Kiswahili, wenye kushindwa wapewe biltini mu mukono, majina yao yasisomwe, ban iwe moja kwa kila darasa, ya nguvu sawa, na vigelegele viachwe huru, poda imwagwe inje, kisha jina la mwisho. Kama shule yenu imeshajaribu mojawapo, andikeni hapa chini ilienda namna gani, tupate mfano wa kuonyesha mu mkutano.