Hela za Wazee Zisisuguliwe

Ndugu zetu wa Kigoma na Ujiji husema “hela”, nasi wa Uvira husema “feza” au “franga”. Hela ni neno la Kidachi, Heller, jina la sarafu ndogo ambayo serikali ya Wadachi ilianza kuitoa mwaka 1904 katika Afrika ya Mashariki. Hela 100 zilifanya rupia moja. Kabla yake zilikuwako pesa za shaba tupu, za miaka 1890 hata 1892, na 64 ndizo zilizofanya rupia. Upande mmoja zilikuwa na tai wa Kaizari, upande wa pili maandishi ya Kiarabu.

Upande wetu wa ziwa, Dola Huru la Kongo lilikuwa na shaba zake tangu 1887: santimu 1, 2, 5 na 10, zenye nyota, na katikati tundu la kupitisha kamba. Watu wa ziwa walikuwa wamezoea kutunga mali yao kambani, maana huko Ujiji shanga zilikuwa fedha hasa ya sokoni.

Mwezi wa Juni 1916 askari wa Wabelgiji waliingia Usumbura, na mwezi wa Septemba Tabora. Wadachi, walipofungiwa njia ya bahari, walikuwa wamejitengenezea sarafu huko Tabora, hata kwa shaba ya maganda ya risasi. Hela 20 za mwaka huo zina herufi T. Wajuzi huzitenganisha kwa mambo madogo mno: taji kubwa au dogo, ncha ya pambo iliyojikunja au iliyochongoka.

Mambo madogo hayo ndiyo yanayopotea kwanza. Hapa Songo twaona mara nyingi kijana akipewa sarafu ya babu yake, naye, kwa nia njema kabisa, akamua ndimu, atia chumvi, asugua kwa mchanga wa ziwa. Punde si punde yang’aa kama sufuria mpya. Lakini haisomeki tena.

Yafaa tujue kutu ya shaba ni nini. Si kama kutu ya chuma, ambacho hulika mpaka kikaisha. Shaba ikipata hewa na unyevu hujivika ngozi ya kahawia, kisha ya kijani. Kijani hicho ni ndugu wa malakiti, lile jiwe zuri la Katanga. Ngozi iliyoshikamana vema huilinda shaba iliyo chini yake. Tena mara nyingi herufi zimebaki ndani ya ngozi yenyewe, wala si chini yake. Aibanduaye ameibandua na historia. Na chumvi ni adui mbaya kuliko ndimu: hujificha katika vitundu vidogo, na kila unyevu ujapo huamsha unga mwepesi wa kijani unaoitafuna shaba toka ndani.

Tazameni Kilwa. Sarafu za masultani wake hazina mwaka: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, yenye kina kimoja na jina lile. Mwenye kutafuta habari hana pa kushika ila herufi. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika Pemba, zilichimbuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari za dhahabu za Wafatimi, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1066. Kwa kuwa jina la Ali bin al-Hasan lilisomeka katika fedha zile, ikajulikana kwamba alitawala mapema kuliko walivyodhani wataalamu wa kwanza. Kama zingalisuguliwa kwa mchanga, tungalijua nini?

Basi mwenye sarafu chafu ailoweke katika maji safi ya mvua siku kadhaa, akiyabadili kila siku. Matope yakilainika, ayaondoe kwa kijiti cha mwanzi, taratibu, pasipo sindano wala brashi ya chuma. Kijani kigumu akiache. Aikaushe sana, aitie katika bahasha ya karatasi, si katika plastiki laini, ambayo nayo huila shaba. Yenye unga mwepesi wa kijani ikae peke yake, mahali pakavu. Juu ya bahasha aandike ilitoka kwa nani na ilipatikana wapi. Maana Mulongwe ulipofurika mwezi wa Aprili 2020, vitu vya wazee vilikwenda na matope, na wengi wa wale waliokuwa wakivijua habari zake wamekwisha kufa.